Usikate mrija, kereza pete: kuifunga Tessar ya zamani kwenye shata

Swali limetoka kwa mpiga picha wa Kampemba, hapa Lubumbashi:

«Jambo Papa. Nimepata kamera ya mvukuto ya inchi 4 kwa 5, pamoja na lenzi ya zamani: Tessar ya Carl Zeiss Jena, sentimita 21, f/4.5. Iko ndani ya mrija wa shaba, ina airisi yake (majani ya kupanua na kubana tundu la nuru) lakini haina shata (kile kinachofungua na kufunga nuru kwa muda uliopimwa). Nimeagiza shata ya Copal namba 1 kutoka Afrika Kusini, imeshavuka mpaka wa Kasumbalesa. Turneri mmoja wa mtaani anasema ataukata mrija katikati aiweke shata humo ndani. Nimkubalie? Nataka kupiga picha za watu, ndani kwa flashi na nje wakati wa kiangazi.»

Ndugu yangu, jambo sana. Mwambie huyo turneri aweke msumeno chini kwanza. Hakudanganyi: lenzi nyingi za kamera kubwa zimefungwa hivyo hivyo, kundi moja la vioo mbele ya shata na jingine nyuma yake, na fundi mwenye mashine nzuri anaweza kuigeuza lenzi ya mrija ikawa hivyo. Ila kwa lenzi yako na kwa shata uliyonunua, njia hiyo utajuta. Kuna njia nyingine isiyogusa shaba hata kidogo, nayo inataka shata kubwa kuliko uliyo nayo. Nitakupa hesabu zake, ili ukifika karakana uwe wewe unayemwelekeza fundi, si yeye anayekukisia.

Lenzi yako haikupungukiwa kitu. Paul Rudolph aliibuni Tessar kule Zeiss, Jena, mwaka 1902, na kwa miaka mingi lenzi za aina hiyo ziliuzwa kwa namna mbili: ndani ya shata, kama vile Compound na baadaye Compur, au ndani ya mrija wenye airisi peke yake. Mrija ulikuwa wa watu ambao shata yao ilikaa mahali pengine. Wengine walikuwa na kamera yenye pazia mbele ya filamu. Wengine walitumia shata ya kitambaa cha kuviringisha, kama zile za Thornton-Pickard wa Uingereza. Wapiga picha wa studio walitoa kifuniko kwa mkono, wakahesabu kimoyomoyo, wakakirudisha. Hiyo ya mwisho usiidharau, tutairudia.

Sasa tazama kilichomo ndani. Tessar ina vioo vinne katika makundi matatu: viwili mbele, kila kimoja peke yake, kisha airisi, kisha nyuma viwili vilivyogandishwa pamoja. Nafasi kati ya kioo cha pili na hicho cha nyuma imepigiwa hesabu na aliyeibuni, na ukali wa picha unaitegemea. Ukiizidisha au kuipunguza hata sehemu chache za kumi za milimita, katikati ya picha huenda pakaonekana sawa, lakini pembe zitalegea, na hutajua kwa nini. Msumeno peke yake hula shaba kwa unene wa meno yake. Baada ya hapo fundi anapaswa kutengeneza vipande viwili vipya vyenye hesi, yaani nyuzi za skrubu, za Copal, airisi ya zamani itupwe, na vioo virudi palepale vilipokuwa. Kazi hiyo inafanyika kwa lenzi zinazovumilia, kama Dagor, ambayo kila nusu yake inajitegemea. Tessar haivumilii hivyo. Na ukikosea, hakuna kurudi nyuma.

Hata akifaulu, bado kuna suala la upana. Chukua kalamu. f/4.5 maana yake ni kwamba ukiitazama lenzi kwa mbele, tundu la nuru unaloliona lina upana wa milimita 210 kugawanya kwa 4.5, yaani karibu milimita 47. Copal namba 0 hufunguka milimita 24, namba 1 milimita 30, namba 3 milimita 45. Ukiweka tundu la milimita 30 katikati ya Tessar hiyo, umeifanya lenzi ya f/6 hivi. Uzuri wote wa f/4.5, ule wa jicho kuwa kali na sikio kuanza kuyeyuka, umeuacha sakafuni pamoja na vumbi la shaba.

Kwa hiyo tunaiacha lenzi nzima, na airisi yake, na shata tunaiweka nyuma yake. Lenzi inashikwa na pete. Pete inaingia kwenye hesi za mbele za shata. Shata inafungwa kwenye ubao wa lenzi kama kawaida. Airisi ya shata unaiacha wazi kabisa siku zote, na kazi ya kufungua na kufunga tundu inabaki kwa airisi ya Tessar. Namba zilizochongwa kwenye shaba zinabaki kweli, huna haja ya kutengeneza kipimo kipya. Ukiichoka, unafungua pete na lenzi ni ileile iliyotoka Jena.

Sasa upana tena, maana hapa ndipo Copal yako namba 1 inapokwama. Nuru ikitoka nyuma ya lenzi inaelekea kwenye filamu kwa umbo la pia, na shata inaikata pia hiyo njiani. Tuseme majani ya shata yatakaa milimita 35 nyuma ya lile tundu unaloliona ukiichungulia lenzi kwa upande wa nyuma. Ukilenga mbali kabisa, tundu hilo liko kiasi cha milimita 210 kutoka kwenye filamu, basi shata iko milimita 175. Gawanya 175 kwa 30, unapata 5.8. Maana yake hata airisi ikiwa wazi yote, katikati ya filamu inapokea nuru ya f/5.8, basi.

Pembeni ni pabaya zaidi. Kwenye filamu ya inchi 4 kwa 5, kona iko karibu milimita 76 kutoka katikati. Nuru inayoelekea kwenye kona hiyo, inapopita kwenye shata, imeshasogea pembeni kwa 76 mara 35 kugawanya kwa 210, karibu milimita 12.7. Nusu ya upana wa namba 1 ni milimita 15. Imebaki nafasi ya milimita mbili na kitu. Ili nuru yote ya kona ipite bila kukwaruzwa, itakubidi ufunge airisi mpaka kama f/38. Kabla ya hapo kona zinapata sehemu tu. Airisi ikiwa wazi yote, ni kama nusu, na hapo sijahesabu giza la kawaida ambalo kila lenzi inalo pembeni. Picha utapata, sikatai. Lakini umekuwa na Tessar ya f/4.5 unayoitumia kama f/6 yenye pembe za kiza, na ukiinua ubao wa mbele kidogo tu ili upate kilele cha jengo, kona moja inazimika.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa namba 3. Gawanya 175 kwa 45, unapata 3.9, kwa hiyo katikati f/4.5 inapita nzima. Nusu ya upana ni 22.5, toa 12.7, inabaki karibu milimita 10, na kona zinasafika kabisa ukifika f/9. Na wewe unapiga watu, si milima. Mtu akiketi mita moja na nusu mbele yako, mvukuto unanyooka mpaka milimita 244 hivi, pia ya nuru inakuwa nyembamba, na kona zinasafika kwenye f/8. Kwenye f/4.5 kona zitafifia kidogo, na kwa picha ya uso sioni mtu atakayelalamika. Tafuta basi Copal namba 3. Haitengenezwi tena, utaipata iliyotumika, na mara nyingi bei nzuri iko kwenye lenzi yenye kioo kilichopasuka au kuota ukungu: unanunua lenzi mbovu kwa ajili ya shata yake. Ilex kubwa za Marekani au Compound za Ujerumani zinafaa pia, mradi umpe fundi shata yenyewe mkononi, maana hesi zake hazifanani na za Copal.

Usinitegemee mimi kwa zile milimita 35. Ni za mfano. Kabla hujalipa chochote, kata karatasi nyeusi ngumu, toboa duara la milimita 45 sawasawa, uibandike nyuma ya lenzi kwenye kijibomba cha karatasi, mahali unapodhani majani ya shata yatakaa. Weka lenzi kwenye kamera, fungua airisi yote, ulenge. Kisha nenda nyuma ya kamera uchungulie kupitia pembe ya kioo cha ukungu, kile cha kulengea. Vioo vingi vya inchi 4 kwa 5 vimekatwa pembe kwa kusudi hilo; chako kikiwa kizima, kitoe, uweke jicho pale pembe ya filamu ingekuwa. Utaona tundu la lenzi. Likiwa limekatwa upande mmoja na mstari mweusi, huo ndio ukingo wa karatasi yako. Funga airisi polepole huku ukichungulia, mpaka duara, au pembe nyingi za airisi, zionekane nzima. Soma namba kwenye mrija. Hiyo ndiyo f ambayo kona zako zinaanza kuwa safi, na hakuna hesabu yangu inayoishinda.

Tuje kwenye pete. Lubumbashi hatuna shida ya watu wa kukereza. Wako wazee waliokomaa katika karakana za Gécamines, kampuni ya migodi, na za reli ya SNCC, na vijana waliofunzwa nao, na mtu aliyekereza ekseli ya pampu ya mgodi haogopi pete ya lenzi. Shida ni kwamba amezoea kazi nene. Hesi ya Copal namba 3 upande wa mbele ni milimita 58 kwa hatua (nafasi kati ya uzi na uzi) ya milimita 0.75, na hatua hiyo ni nyembamba kuliko nyingi anazokata kila siku. Mpe shata iliyo tupu, bila vioo, aijaribie pete yake palepale kwenye mashine kabla hajaifungua. Majani yawe yamefungwa na kufunikwa kwa kipande cha plastiki, chembe za chuma zisiingie. Na hesi ya pete isiwe ndefu: milimita 4 zinatosha. Pima kina kutoka ukingo wa shata hadi kwenye majani, umwandikie fundi kwa kalamu ya wino, kwa sababu pete ikizama kupita kiasi itayagusa majani, na siku hiyo umenunua shata mara mbili.

Kuhusu chuma cha kutumia, mwambie alumini au shaba ya manjano, laitoni. Utashangaa, lakini katika mji huu mtu anaweza kukupa mukuba mwekundu kwa moyo mweupe kwa sababu anacho kipande kizuri. Ukatae. Shaba nyekundu ni laini, inang'ang'ania kisu cha mashine na kuchanika, na hesi nyembamba hazitoki safi. Alumini ni nyepesi pia, na wepesi utauhitaji: lenzi nzima itaning'inia mbele ya shata.

Upande wa pili wa pete ndio unaoshika lenzi, na hapo watu hupoteza wiki. Mrija wa zamani una hesi katikati ya mwili wake, ambazo zilikuwa zikiingia kwenye flanji, ile pete bapa ya shaba yenye matundu matatu ya skrubu iliyopigiliwa kwenye ubao. Je, flanji unayo? Angalia kwenye ubao wa kamera, angalia chini ya sanduku. Ukiwa nayo, kazi imeisha nusu: fundi hatakata hesi yoyote ya lenzi. Anakereza tu uso bapa, anatoboa matundu matatu, flanji inafungwa kwa skrubu kwenye pete, na lenzi inaingia kwenye flanji kama ilivyoingia tangu zamani.

Kama flanji imepotea, usimruhusu akisie. Hesi za lenzi za zamani ni vurugu. Za Kiingereza zilizofuata kipimo cha Royal Photographic Society mara nyingi zina nyuzi 24 kwa inchi moja, za Ujerumani na Ufaransa zina mambo yake. Nyuzi 24 kwa inchi ni hatua ya milimita 1.058, na fundi akiziona kwa jicho atasema ni milimita 1. Zitashika mizunguko miwili mitatu, kisha zinakaza, kisha mtu anatumia nguvu, na shaba laini ya mrija ndiyo inayoumia. Tumia kipimo cha meno, kile chenye vibati vingi kama kitana: kiweke kwenye hesi, kiinue kwenye mwanga wa dirisha, na kama kuna mwanya wowote kati ya meno na shaba, si hicho. Ikiwa hesi ni za inchi na mashine ni ya kimetriki, atahitaji gia ya meno 127 ili azikate sawasawa. Asiyekuwa nayo akikwambia ataweza tu, mshukuru uondoke.

Kuna njia ya mkato ambayo mimi naipenda kuliko watu wanavyoipenda: pete isiyo na hesi kabisa upande wa lenzi. Inakerezwa ipite juu ya mrija kwa kubana kidogo, na skrubu tatu ndogo zenye ncha za nailoni zinaishika kwa pande tatu. Kwa lenzi nzito isiyochezewa kila siku, inashika vizuri, haiachi alama, na unaweza kuisogeza mbele au nyuma milimita moja ukitaka.

Kumbuka kwamba sehemu ya nyuma ya mrija inatokeza nyuma ya zile hesi. Kwa hiyo pete si bapa, ni kijibomba, na urefu wake ni ule utakaoacha milimita moja au mbili kati ya shaba ya nyuma na majani ya shata. Usiongeze zaidi kwa uoga. Umeona kila milimita inavyokula kona. Ndani ya kijibomba upana usipungue milimita 45 popote, na akipitisha kisu cha hesi ukutani kidogokidogo, ile mikwaruzo itaizuia nuru isiteleze. Kisha rangi nyeusi isiyong'aa. Mwisho, pande mbili za pete ziwe sambamba: pima unene kwa kalipa katika sehemu nne, na tofauti ikizidi milimita 0.05 irudishwe kwenye mashine. Pete iliyopinda inainamisha lenzi, na utaona upande mmoja wa picha mkali na mwingine umelala, ulaumu filamu bure.

Tessar yenyewe isiingie karakana hiyo siku ya kukereza. Peleka flanji, au vipimo, au shata. Pete ikiwa tayari, ioshe kwa sabuni na mswaki, ikauke, ndipo uifunge nyumbani, juu ya meza yenye taulo. Hesi nyembamba zinaanza hivi: shata iwe bapa mezani, uso juu, pete ikae juu yake kwa uzito wake tu. Izungushe kwanza kinyume, kana kwamba unaifungua. Utasikia mdundo mdogo, na utahisi pete ikishuka unywele mmoja. Hapo ndipo mianzo miwili imekutana. Sasa geuza upande wa kufunga, kwa vidole viwili. Ikikaza kabla ya mzunguko kamili, rudisha uanze tena. Usipake grisi, mafuta yoyote karibu na majani ya shata yatahamia humo, na shata yenye mafuta kwenye majani inagoma.

Tundu la ubao wa kamera kwa namba 3 ni milimita 65. Uzito wote sasa unashikwa na ubao huo, kwa hiyo kaza vyema nguzo za mbele, na kama kamera ni nyepesi, weka kitu cha kuishika lenzi kwa chini. Jambo moja la kufurahia: lenzi imesogea mbele ya ubao, kwa hiyo mvukuto hauhitaji kunyooka sana kama zamani, na kwa picha za karibu utapata nafasi ya ziada.

Shata iliyotumika ipime kabla ya kuiamini, hasa baada ya kiangazi chetu na vumbi lake. Simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde inatosha kwa kasi za chini. Weka taa nyuma ya shata, rekodi, kisha hesabu picha ambazo mwanga unaonekana. Kwenye 1/30 ziwe 8. Zikiwa 12, shata yako inatoa 1/20, imechelewa zaidi ya nusu stopu (stopu moja ni nuru kuongezeka maradufu au kupungua nusu), andika hilo kwenye kipande cha tepu ubandike kwenye ubao. Kwa 1/125 simu haitakusaidia, picha mbili ni chache mno.

Na hiyo 1/125 ndiyo mwisho wa Copal namba 3, jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwanza. Jua la Julai hapa, filamu ya ISO 100, linataka kama f/16 kwa 1/100. Ukitaka f/4.5 juani, ungehitaji 1/1250 hivi, na shata haina. Una njia mbili: kichujio cheusi cha ND 16, kinachopitisha sehemu moja tu ya 16 ya nuru, mbele ya lenzi, au kivuli. Mimi ningechagua kivuli cha mwembe au baraza lililotazama upande usio na jua, ambako mwanga umepungua stopu tatu au nne na uso haukunji. Tena, shata ikiwa nyuma ya lenzi, majani yake yanafungukia katikati kwanza, kwa hiyo katika kasi ya juu kabisa kona zinapata nuru kidogo pungufu. Kwenye 1/60 na chini yake hutaliona hilo.

Kwa flashi ndani ya nyumba, shata inakupa waya wa kuunganisha na mambo yanakuwa rahisi, sikatai. Lakini hata leo, bila pete na bila turneri, unaweza kupiga. Funga mapazia, punguza taa, lenga, airisi f/8 au f/11. Zima taa, toa kifuniko cha lenzi kwa utaratibu ili kamera isitikisike, piga flashi kwa mkono, rudisha kifuniko. Chumba kikiwa na giza la kutosha, muda wa kifuniko hauna maana, flashi ndiyo shata. SNEL, shirika la umeme, wakikata umeme, flashi yako ya betri inapiga na giza umepewa bure. Na mchana, ukitumia karatasi ya picha mahali pa filamu, kwa ISO 6 hivi, kivulini kwenye f/16 muda unafika sekunde moja na nusu hadi tatu, muda ambao mkono na kofia vinaweza. Anza na hiyo wiki hii huku ukitafuta namba 3. Utaijua lenzi yako kabla ya kumlipa mtu.

Copal namba 1 usiiuze kwa hasira. Schneider walitengeneza lenzi zinazoitwa G-Claron, f/9, nyingi zikiuzwa ndani ya mirija kwa ajili ya viwanda vya uchapaji. Zile za milimita 210, 240, 270 na 305, makundi yao ya vioo yanafunguliwa kwa mkono kutoka kwenye mrija na kuingia moja kwa moja kwenye shata namba 1, bila pete, bila turneri. Kitakachobaki ni kipimo cha f tu, maana airisi sasa ni ya shata: kwa ile ya milimita 210, f/16 ni tundu la milimita 13 ukiitazama kwa mbele, f/22 ni milimita 9.5, f/32 ni 6.6. Weka rula mbele ya kioo, fungua airisi mpaka ufikie kipimo, chora mstari kwa kalamu nyembamba. Ukitaka siku moja kupiga kilima cha takataka za shaba pale kiwandani na bomba lake la moshi, kwa ukali wa kona hadi kona, hiyo ndiyo lenzi yake. Tessar iache kwa nyuso.